Kutazama ndege kwa treni na meli, Ulaanbaatar hadi Hokkaido

Safari hii hufana au kuharibika kwa tarehe. Ukiondoka Ulaanbaatar wiki ya kwanza ya Septemba, unakwenda sambamba na ndege wanaohamia kusini na kila unaposhuka unawakuta. Ukichelewa hadi katikati ya Oktoba, nyika imeshaganda na korongo wameondoka. Kikwazo kikubwa ni likizo ya China inayoanza tarehe 1 Oktoba: kwa wiki nzima treni hujaa pomoni. Tiketi huko hufunguliwa siku 15 kabla, kwa hiyo katikati ya Septemba uwe na simu mkononi, au ujipange wiki hiyo uwe umeshatulia pwani na huhitaji kusafiri.

Reli inayoelekea kusini hupita Choir na Sainshand, ndani ya Gobi, hadi Zamyn-Uud mpakani. Usipopata treni inayovuka, unashuka hapo na kupanda jipu au basi hadi Erlian, mji wa upande wa China, maana mpaka huu hauvukwi kwa miguu. Asubuhi kaa dirisha la kulia, alasiri hamia kushoto, ili jua liwe mgongoni kwako. Kioo cha nje huwa kimejaa vumbi, na dirisha liko juu ya kimo cha mtu aliyesimama chini, kwa hiyo beba kifutio cha vioo chenye mpini mrefu na chupa ya maji. Abiria wenzako watacheka, halafu watakuazima.

Darubini ya mara 8 ndiyo ya treni. Ya mara 10 hutetemeka na behewa hadi macho yaume. Usiegemeze kiwiko kwenye fremu ya dirisha, maana mtikisiko wote wa behewa utahamia kwenye darubini. Rekebisha umbali kwenye nguzo iliyo kama mita 80, acha hapo hapo, kisha tazama mbele kwa mshazari, kwenye nguzo zinazokuja. Anayetazama pembeni moja kwa moja huishia kuona mkia. Juu ya nguzo tarajia kipanga mkubwa wa nyika, Buteo hemilasius, na kozi Falco cherrug. Nyaya za umeme huwaua kozi hawa wengi Mongolia, basi usishangae ukiona mmoja amelala chini ya nguzo. Penye maji au mashamba tafuta makundi ya korongo wadogo wa kijivu, Grus virgo.

Kutoka Beijing, kama kilomita 300 kuelekea mashariki, uko mji wa pwani wa Beidaihe. Hapa ndege hubanwa kati ya milima na bahari. Siku ya kungoja ni ile inayofuata mvua, upepo unapogeuka na kuvuma kutoka kaskazini-magharibi na mbingu kutakata. Panda kilima cha Lianfengshan mapema asubuhi utazame juu: Circus melanoleucos, ndege mwindaji mweusi na mweupe, tai wachache, na kozi wadogo Falco amurensis kwa makundi. Dume la huyu wa mwisho ni la kijivu, lina miguu myekundu, na chini ya bawa kuna kipande cheupe kinachong'aa akipiga kona. Jike ni jeupe tumboni lenye michirizi myeusi. Wenye kuwajua tayari ni watu wa Tsavo. Kozi hawa hupitia Nagaland, India, wakala kumbikumbi na kunenepa, kisha huvuka Bahari ya Hindi bila kutua, zaidi ya kilomita 3,000, na kuonekana Afrika Mashariki kuanzia Novemba pamoja na mvua za vuli.

Sehemu ya kutumia siku nyingi ni Tiaozini, kwenye pwani ya Jiangsu. Unashuka Dongtai na kukodi gari hadi mji mdogo wa Jianggang. Pwani hii iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2019, na hakuna pengine kwenye njia hii panapohitaji uijue bahari kiasi hiki. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, vile vile kama Lamu au Pangani. Panga ufike siku hizo. Wakati wa maji mafu ndege hubaki kwenye tope kilomita kadhaa mbali na ukuta wa kuzuia bahari, na hata teleskopu nzuri itakuonyesha nukta tu. Bamvua ikifika, maji hufunika tope lote, na vitwitwi kwa maelfu huruka ukuta na kutua kwenye bwawa walilotengewa ndani, ambalo huitwa 720 kwa sababu ya ukubwa wake: mu 720 kwa kipimo cha Kichina, yaani hekta 48. Fika saa mbili kabla ya maji kujaa, ondoka saa moja na nusu baadaye. Kesho yake songeza ratiba mbele kwa dakika 50 hivi.

Usishuke topeni hata wenyeji wakishuka. Maji huingia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako, na ukiyaona mbele umeshazingirwa. Tena, usiamini ramani ya kigeni kwenye simu: China ina mfumo wake wa kupima nafasi, na alama yako itahama mita mia kadhaa. Weka programu ya ramani ya Kichina kabla hujafika. Teleskopu usiielekeze kwenye kambi ya jeshi wala manowari; hapo maelezo hayakubaliki haraka.

Wengi huja hapa kwa ajili ya Calidris pygmaea, kitwitwi mwenye mdomo kama mwiko. Kosa la kawaida ni kuutafuta mwiko. Kwa upande mdomo huo ni mweusi na wa kawaida kabisa. Upana wake huonekana akikugeukia uso. Tafuta kwanza tabia. Vitwitwi wengine, Calidris ruficollis, waliomzunguka, hudonoa haraka haraka na kukimbia. Huyu huinamisha kichwa na kusukuma mdomo ndani ya maji ya tope huku akiupeleka kushoto na kulia, hatua kwa hatua, bila kuuinua. Kisha angalia paji la uso: ni jeupe na pana zaidi. Hapo sasa ngoja ageuke.

Angalia pia vibendera vya plastiki ambavyo watafiti huwafunga ndege miguuni, rangi ikionyesha alikofungwa: nyeusi juu ya nyeupe ni Chongming, kisiwa karibu na Shanghai, njano ni kaskazini-magharibi mwa Australia, chungwa ni Victoria. Andika mguu gani, juu au chini ya goti, rangi ipi iko juu, na herufi. Rangi bila nafasi haimsaidii mtu.

Vitwitwi wa mchanga waliozoeleka Mida Creek wana ndugu hapa, lakini usiwahesabu kuwa wale wale. Wale wadogo wanaofika Kenya hutoka nyanda za juu za Asia ya Kati. Wa Tiaozini hutoka Siberia, na siku hizi wengi huwahesabu kuwa spishi mbili.

Kutoka Shandong, kwa mfano Weihai, meli huvuka usiku hadi Incheon, Korea Kusini. Katikati ya Bahari ya Njano ndege ni wachache. Lala, ila amka alfajiri uzunguke sitaha chini ya taa, maana ndege wadogo wa nchi kavu hutua hapo wakiwa hoi. Korea nenda Seocheon, kwenye mlango wa mto Geum, kwa hesabu zile zile za bamvua. Saemangeum, jirani yake, ilizibwa mwaka 2006 kwa ukuta wa kilomita 33, na kwa macho yangu ni hasara isiyolipika. Busan hadi Japani panda feri kubwa. Boti za kasi hazina sitaha ya wazi.

Meli ya kungojewa ni ya Oarai, Japani, hadi Tomakomai, Hokkaido. Zipo ratiba mbili: ya jioni, na ya usiku wa manane. Chagua ya usiku wa manane, kwa sababu mchana wote unakuwa baharini, nje ya Sanriku, pwani ya kaskazini-mashariki mwa Japani, ambako mkondo wa baridi wa Oyashio hukutana na wa joto wa Kuroshio na samaki hujaa. Beba chakula, huduma ndani ni chache. Asubuhi jua huwaka upande wa kulia, kwa hiyo anza kushoto, na baada ya saa sita uhamie kulia kwenye bahari kuu. Simama upande wa demani, mbele kadiri unavyoruhusiwa. Tezini utaona shakwe tu.

Tazama upeo kwa macho matupu. Albatrosi hujitambulisha kwa kupanda juu, kujilaza ubavu na kushuka bila kupiga bawa. Phoebastria nigripes ni wa kahawia mwenye mdomo mweusi. Ukiona wa kahawia mwenye mdomo mkubwa wa waridi, piga picha kwanza, maana huenda ni kinda la P. albatrus, waliodhaniwa kutoweka mwaka 1949 hadi kumi hivi walipoonekana kisiwani Torishima, Japani, mwaka 1951. Ndege wengine wa bahari kuu, Calonectris leucomelas, watakupita kwa mamia. Meli ina kasi, hivyo kila ndege una sekunde chache tu.

Dawa ya kichefuchefu imeze saa moja kabla ya kuondoka. Ukianza kutapika imeshachelewa. Chumvi ikikauka kwenye lenzi usiifute kavu, itakwaruza: mwagia maji ya bomba, kisha kitambaa. Upepo ukizidi wahudumu hufunga milango ya sitaha, kwa hiyo tafuta mapema dirisha la sebuleni lisilo na ukungu wa chumvi, na uliwahi kabla ya wengine.