Jumamosi niliyokabidhiwa ridhimu

Mzee alikuwa na sharti moja kwetu sisi watu wazima tuliojifunza kwake pale Morogoro: gitaa lishikwe kila siku, hata kwa dakika kumi. Ukikaa wiki nzima bila kuligusa, alisema, vidole vinarudi vigeni. Nilikuwa na miaka 41, nina kazi na watoto, kwa hiyo muda wangu ukawa alfajiri. Nashika chord ya G, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, nahamia C, nahamia D, narudi G, polepole, bila kuutazama mkono. Ncha za vidole ziliuma mpaka zikaota sugu. F ndiyo iliyonitesa zaidi, maana kidole cha shahada kinalala juu ya nyuzi zote sita na kila uzi unatakiwa utoe sauti safi.

Jumamosi moja wakati wa masika tulikuwa wanne barazani kwake. Kabla ya hapo wanafunzi tulikuwa tukipiga wote kitu kimoja. Jioni ile akatugawa kama bendi. Dada mmoja muuguzi akapewa besi, kijana fundi pikipiki akapewa second solo, gitaa la kati, na solo, gitaa la kuongoza, Mzee akabaki nayo mwenyewe.

"Wewe mwanangu kaa kwenye ridhimu," akaniambia, yaani gitaa la kushikilia mwendo. "Kipande ni hiki. Usikibadilishe mpaka nikwambie."

Kilikuwa kifupi, uzi mmoja mmoja juu ya zile G, C na D nilizozizoea. Besi ikatangulia, nikaingia. Alipoingia yule kijana, mkono wangu ukataka kumkimbilia, kwa sababu noti zake hazikuangukia zilipo zangu. Ziliangukia katikati, kwenye mapengo.

"Msikilize, lakini usimfuate. Kaa kwako."

Nikakaa kwangu. Tukazunguka, tukazunguka tena, na taratibu nikaanza kusikia sauti ya tatu, wimbo mzima uliotokana na vipande vyetu viwili, ambao si mimi wala yeye aliyekuwa akiupiga. Mwili ulinisisimka. Nimekulia mji wa mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe, aliyeng'ara na bendi ya Morogoro Jazz kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973, na muziki wa dansi nimeusikia tangu utoto. Lakini sikio langu, kama la wengi, lilikimbilia solo. Magitaa yanayozungumza chini yake nilianza kuyasikia siku ile, nikiwa ndani yao. Hadi leo naamini wapiga ridhimu wa bendi zetu hawajapewa heshima inayowastahili.

Mzee akatupa ishara ya kichwa, tukaingia kwenye chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka. Mwendo ukakaza. Solo lake likapanda juu kabisa, likapinda, likatulia, likapanda tena, na aliweza kwenda mbali vile kwa sababu sisi watatu tulikuwa palepale alipotuacha. Kiganja kiliwaka moto, lakini kipande hakikuyumba. Zile alfajiri zote zilikuwa zikifanya kazi.

Aliposimamisha alimtazama kijana, kisha mimi. "Jumamosi ijayo mnabadilishana."

Usiku ule, wanangu walipolala, nilichukua gitaa nikaanza kuzitafuta noti za yule kijana, moja baada ya nyingine, mahali palepale nilipokuwa nimemwachia nafasi.