Mlango Uliobishwa Westgate

Kila ninapopita Westlands, Nairobi, huwa nazifikiria dakika za mwanzo za Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013, ambapo baadhi ya watu waliokuwa ndani ya jumba la maduka la Westgate waliposikia milio ya risasi walidhani kwamba majambazi wamevamia benki. Dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwa kuwa mkazi wa Nairobi amezoea habari za wizi wa mabavu, na anayeporwa huambiwa alale chini, atoe simu na anyamaze. Wavamizi wa siku ile, magaidi wa kundi la al-Shabaab, hawakufuata pesa. Watu 67 waliuawa.

Kinachonishughulisha zaidi ni mlango. Umejifungia stoo ya duka, taa umezima, simu umeinyamazisha, kisha mtu anabisha na kusema yeye ni polisi. Miongoni mwa waokoaji wa kwanza walikuwamo askari wasiovaa sare na raia wenye leseni ya bunduki, ambao kwa macho hawakutofautiana na wavamizi. Hata vyombo vya dola vilichanganyana, ofisa wa kikosi maalumu cha polisi akauawa kwa risasi za wanajeshi. Muuza viatu angejuaje?

Kwa hiyo sikubaliani na wanaowalaumu (aghalabu wakiwa wameketi kwenye makochi yao) waliokataa kufungua, kwani wanaupima uamuzi wa sekunde chache kwa taarifa zilizopatikana baadaye. Serikali yenyewe ilitaja wavamizi 10 hadi 15, kabla ya uchunguzi kuonyesha kwamba walikuwa 4.