Mpapindi na Mwezi wa Dimbwini

Nilishuka Konde, kisiwani Pemba, asubuhi, nikapanda bodaboda hadi msitu wa Ngezi. Nilibeba hadubini ya shule niliyoifunga kwa kanga, na chupa mbili tupu. Nimewafundisha watoto wa Unguja kuhusu mpapindi, mti wa jamii ya mnazi, kwa kuwaonyesha ile ya bustanini. Safari hii nilitaka kuuona unakoota wenyewe. Porini haupatikani kwengine duniani ila Pemba. Jamaa zake wengi wako Madagaska.

Ukishaingia msituni jua linapotea. Mtembezaji wangu, mzee wa Konde, akasimama. "Huu hapa, mwalimu."

Vigogo vyembamba vitano vimetoka pamoja, kila kimoja kina pete pale kuti lilipoanguka, utadhani mianzi. Nilikishika kimoja, nikashindwa kusema. Juu kabisa kina kichilema kimoja tu, ule moyo laini unaochipuza makuti. Kikikatwa, kigogo hicho basi, hakitoi tawi. Na mipapindi yote ya porini imebanwa vivyo hivyo, katika vipande vya msitu vilivyosalimika na mashamba ya karafuu.

Chini kidogo palikuwa na dimbwi. Nikakwangua utelezi kwenye majani yaliyozama, nikarudi langoni, nikaielekeza hadubini kwenye mwanga. Kwanza tope. Kisha nikauona: Closterium, mwani wa seli moja, kijani kibichi, umejipinda kama mwezi mwandamo. Kila ncha ina kifuko, na ndani yake chembe za fuwele zinachezacheza bila kutulia. Hauna mzizi wala kichilema. Unajigawa, inakuwa miwili. Mambo yakiwa magumu, miwili huungana ikafanya kiini chenye ganda gumu, kikangoja maji. Jamaa zake wamejaa kwenye maji yasiyo ya chumvi karibu kila bara.

Ajabu ni kwamba mwani huu na mpapindi ni ndugu. Katika mwani wote, ukoo wa huu ndio ulio karibu zaidi na mimea ya nchi kavu: klorofili, yaani rangi ya kijani ya majani, za aina moja, wanga ule ule, ukuta wa seli wa selulosi.

Mzee aliinama kwenye hadubini, akakaa muda mrefu. "Na huyu ndugu yake mpapindi?"

"Ndugu yake, mzee wangu."

Tulirudi kuyamwaga maji dimbwini. Njiani palikuwa na miche mitatu ya mpapindi, haijafika hata kifundo cha mguu. Mzee akatandaza mkono, nipite kando.