Namba Mbili, Kitonga

Harufu ndiyo iliyotangulia. Mama, aliyekuwa kiti cha nyuma na rozari mkononi, aliuliza ni nani anayechoma mpira. Nikachungulia nje nikitafuta moshi, maana asubuhi ile malori yalikuwa yamefuatana kama siafu. Mjomba hakuangalia nje. Aliangalia mguu wangu.

"Mwanangu, tangu tuanze kushuka hujautoa huo mguu kwenye breki."

Ilikuwa Desemba 2016. Tulikuwa tunatoka Iringa kwenda Dar es Salaam kwenye harusi ya mdogo wangu. Gari lilikuwa Subaru Forester ya mwaka 2009, otomatiki ya gia nne, nililolinunua miezi minane kabla likiwa limetoka Japani. Kwa miezi yote hiyo mkono wangu ulijua herufi tatu tu: P ya kuegesha, R ya kurudi nyuma na D ya kwenda mbele. Kando ya D palikuwa na kinjia kifupi chenye alama ya kujumlisha na ya kutoa. Fundi aliyenifanyia sevisi ya kwanza aliniambia nisikiguse kabisa, hayo ni mambo ya mashindano na yanaua giaboksi. Kitabu cha gari kilikuwa Kijapani kitupu. Nikamwamini fundi.

Anayeijua Kitonga simwelezi. Asiyeijua, barabara ile inatoka nyanda za juu za Iringa na kuporomoka hadi bonde la Ruaha kwa kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Lori moja likiharibika, wote mnalala hapo. Nyani hukaa ukingoni wakingoja maganda ya ndizi.

Mjomba aliijua barabara hiyo kuliko uwanja wa nyumba yake. Alianza utingo mwaka 1971, miaka ambayo Zambia iliihitaji sana bandari yetu, kwa sababu wazungu wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walikuwa wamejitangazia uhuru wao mwaka 1965 na njia ya kusini ilikuwa imeingia matatani. Baadaye akashika usukani mwenyewe, akileta shaba Dar es Salaam. Shaba ni mzigo mdogo kwa macho lakini mzito ajabu, na Kitonga ukiwa unakwenda Dar unaiteremka nayo, inakusukuma mgongoni kona hadi kona.

"Shusha gia," akasema.

"Mjomba, hili halina gia. Linabadili lenyewe."

"Gari lisilo na gia sijaliona bado. Zimo, ila si wewe unayezipanga."

Nilitaka kumjibu, lakini kanyagio la breki lilikuwa limeanza kulainika. Nilikanyaga pale pale pa siku zote, likazama zaidi. Nikakanyaga tena, likazama tena. Mwendo ulikuwa kama kilomita 60 kwa saa, na kona moja mbele yetu lori la kontena lilikuwa linatambaa. Pa kuegesha hapakuwapo. Mama aliacha kuhesabu rozari.

Mjomba akainama akatazama mkono wa gia. "Hizi alama za kujumlisha na kutoa ni za nini?"

"Fundi alisema nisi—"

"Fundi hayupo hapa. Sogeza."

Nikasogeza. Kwenye dashibodi ikatokea namba 4. Nikavuta upande wa kutoa, ikaja 3. Nikavuta tena, ikaja 2, na injini ikapaza sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwenye gari lile, mshale wa mizunguko ukapita elfu tatu. Gari likajishika, kama mtoto anayekimbilia barabarani akadakwa shati kwa nyuma. Kwa hofu nikavuta mara ya tatu. Likalia pi, pi, likabaki 2.

"Inatosha," Mjomba akasema. "Hata lori hukataa namba moja ukiwa na mwendo. Sasa kanyaga breki mara moja, kwa nguvu, kisha achia. Usiikalie. Iache ipumue."

Tulipolifikia lile lori tulikuwa kwenye kilomita 25 hivi. Nikavuta tena upande wa kutoa, na safari hii likakubali kuingia 1. Tukashuka nyuma yake, nikisikia injini yake ikikoroma na yangu ikiimba, na miguu yangu yote miwili ikiwa sakafuni. Mlima uliobaki niligusa breki mara chache sana, tena kwenye kona tu.

Nimekuja kuyasoma mambo haya kwa bidii tangu siku ile. Ukiachia kanyagio la mafuta gari likiwa kwenye gia, matairi ndiyo yanayoizungusha injini, nayo inageuka pampu inayohangaika kuvuta hewa; hangaiko hilo ndilo linaloula mwendo. Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo lazima liende mahali. Mafuta ya breki hunywa unyevu kadiri yanavyozeeka. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanapaswa kuhimili nyuzi joto 205 kabla ya kuchemka. Yakishakunywa unyevu kipimo chake hushuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubanika, ndiyo maana kanyagio linazama. Yangu sikuwa nimeyabadili tangu gari lishuke melini.

Na wale wanaoweka nyutro mteremkoni ili kuokoa petroli, nawaomba waache. Kwenye nyutro injini inaendelea kuchoma ili isizime. Kwenye gia, ukiachia mafuta, kompyuta ya magari ya sasa hukata petroli yenyewe.

Tulisimama Ruaha Mbuyuni. Kijana mmoja alikuja mbio na ndoo ya maji apoze matairi ya mbele, Mjomba akamzuia kwa mkono: diski yenye moto ukiimwagia maji inapinda. Akapeleka kiganja karibu na rimu bila kugusa, akakaa hivyo kwa muda. Mama alikwenda kuchagua vitunguu.

Ndipo Mjomba akaniambia, bila mimi kumwuliza, kwamba mwaka 1978 rafiki yake alishuka Kitonga na shaba akiwa ametoa gia. Alipotaka kuirudisha haikuingia tena. Mjomba alikuwa lori la nyuma yake. Hakusema zaidi ya hapo. Mama aliporudi na vitunguu alimtazama usoni, akamuuliza, "Kaka, umemwambia?" Akaitikia kwa kichwa.

Tulikaa karibu saa nzima mpaka rimu zikapoa, nikajaribu kanyagio mara nyingi hadi Mjomba aliporidhika. Mbele yetu barabara ilikuwa shwari, nikarudisha D. Tulipoingia hifadhi ya Mikumi, Mjomba akauliza, "Sasa liko namba ngapi?" Kwenye D namba haionekani. Nikasogeza mkono wa gia kidogo, nikasoma.

"Nne, Mjomba."

Aliniuliza tena kabla ya Morogoro, na tena Chalinze, na kila mara nilisogeza nikamsomea.