Siku Waliponifungia Maabara: Nilivyokuza Masomo ya Usalama wa Mtandao Chuoni

Nilipoanza, masomo yetu ya usalama wa mtandao yalikuwa somo moja la hiari, mwalimu mmoja, na chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Nilifundisha usimbaji fiche, yaani kuficha ujumbe kwa hesabu, kwa kuwa ndio niliousomea. Muhula mzima nilijaza ubao hesabu za RSA, mbinu ya usimbaji iliyojengwa juu ya namba tasa. Wanafunzi wakanakili, wakafaulu, wakaondoka. Mmoja wao alirudi kunisalimu baada ya kuajiriwa, akanieleza bila kunificha: "Mwalimu, kazini sijaulizwa habari za namba tasa hata siku moja. Niliulizwa kwa nini seva haijasasishwa tangu mwaka jana, nikabaki nimeduwaa."

Niliona haya, nikakimbilia upande wa pili kabisa. Nikaacha ubao, nikaleta udukuzi. Kompyuta zilizotupwa na ofisi za utawala tuliziongezea kumbukumbu, tukazipakia Kali Linux, mfumo endeshi wenye zana za kupima usalama, na kufikia wiki ya pili wanafunzi walikuwa wakichunguza poti, yaani milango ya mawasiliano ya kompyuta, kwa programu ya Nmap na kupenyeza amri za SQL, lugha ya hifadhidata, kwenye tovuti za mazoezi zilizotengenezwa na matundu makusudi. Darasa likafurika. Wasiojiandikisha walisimama mlangoni. Nikamwandikia mkuu wa kitivo ripoti ya kujisifu kuhusu ukuaji.

Ukuaji huo uliishi wiki kumi.

Siku hiyo zoezi lilikuwa kuchunguza kompyuta za maabara tu, yaani masafa ya anwani 256, ambayo watu wa mitandao huyaandika /24. Mwanafunzi mmoja akaandika /16. Kwenye skrini tofauti haionekani kubwa, ila /16 ni anwani 65,536, na kwa kuwa maabara yetu ilikuwa imechomekwa moja kwa moja kwenye mtandao wa chuo, anwani hizo zilikuwa chuo kizima. Juu ya hapo alikuwa amewasha chaguo la kugusa kila poti, hata poti 9100, ambayo Nmap kwa kawaida huiruka inapotambua huduma, kwa sababu baadhi ya printa huchapa chochote kinachoingia hapo. Printa za ofisi tatu zikaanza kutema karatasi zenye herufi zisizosomeka. Ofisi ya mitihani, iliyokuwa katikati ya kuchapa matokeo, ikadhani imevamiwa. Na kweli ilikuwa imevamiwa, na sisi.

Mkuu wa TEHAMA alikuja mwenyewe. Hakupaza sauti. Aliinama chini ya meza, akachomoa kebo, akaiviringisha mkononi kama kamba, akanitazama. "Mwalimu, mshahara wangu na wako unatoka mfuko mmoja. Mbona unanipiga vita?" Maabara ikatiwa kufuli, akaondoka na ufunguo. Wiki saba.

Nilitaka kwenda kulalamika kwa mkuu wa kitivo. Nilipokaa kuandika utetezi wangu nikakuta sina. Hapakuwa na idhini ya maandishi, hapakuwa na kanuni za maabara, hapakuwa na mtu wa kukagua amri kabla haijatumwa. Nilikuwa nimefundisha kushambulia kwa wiki kumi bila saa hata moja juu ya ridhaa ya mwenye mali. Basi nikaenda ofisini kwa mkuu wa TEHAMA badala yake, nikamuuliza angependa maabara iweje.

Alikuwa na majibu tele, kwani hakuna aliyewahi kumuuliza. Tulikata maabara kutoka mtandao wa chuo: swichi yake yenyewe, hakuna njia ya kutoka, mashine pepe zote, yaani kompyuta zinazoigizwa na programu, zikiishi ndani ya seva moja kuukuu. Masasisho na faili za mazoezi huingizwa kwa diski na mtu mmoja anayeandika daftarini alichoingiza. Ni kazi ya kuchosha na wanafunzi huilalamikia kila mwaka. Kila anayeingia husaini fomu inayotaja anachoruhusiwa kugusa na muda wake, kama mkataba wa kazi halisi ya upimaji wa usalama unavyotaja. Na ipo kanuni moja ambayo haikuandikwa na mwanasheria: kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma, jirani yako asome masafa ya anwani kwa sauti.

Kisha nikamwomba afundishe. Hapa urasimu ulitaka kutumaliza, maana hakuwa na shahada ya uzamili, na kanuni za chuo chetu hazimtambui mtu asiye nayo kama mhadhiri. Tulimwingiza kama mkufunzi wa vitendo, matokeo nikawa nayasaini mimi. Kipindi chake cha kwanza hakuleta slaidi. Alileta kumbukumbu za seva za siku moja, majina yakiwa yamefutwa, akasema: "Tafuteni kisicho cha kawaida." Wakakuta maelfu ya majaribio ya kuingia kwa SSH, njia ya kuendesha seva ukiwa mbali: majina ya kubahatisha na nywila za kubahatisha, mchana na usiku. Wakashangilia kwamba wamekamata shambulio. Akawaacha wamalize, akasema: "Hiyo ndiyo kawaida. Kila siku iko hivyo. Rudini mkatafute." Iliwachukua saa mbili zaidi kuona jaribio moja, kati ya hayo yote, lililofaulu.

Nilikaa kiti cha nyuma siku ile nikajifunza kama wao. Hadi leo nikiulizwa na chuo kingine waanzie wapi, huwauliza kwanza kama wanakunywa chai na watu wao wa TEHAMA.

Mtaala tuliupanga baadaye, na ulikuwa rahisi kuliko nilivyohofia kwa sababu wengine walishaumiza vichwa. Desemba 2017 ACM na IEEE, vyama vya wataalamu wa kompyuta na uhandisi, pamoja na washirika wao walitoa mwongozo uitwao CSEC2017, unaogawa fani hii katika maeneo manane: data, programu, vijenzi, miunganisho, mifumo, binadamu, taasisi na jamii. Tulibandika karatasi nane ukutani, na kila mhadhara tuliokuwa nao tukauandika kwenye kikaratasi tukaupachika unapostahili. Data na miunganisho zikajaa hadi vikaratasi vikapandiana. Binadamu ilikuwa na kimoja, kuhusu barua pepe za hadaa. Taasisi na jamii zilikuwa nyeupe pe.

Kwa hiyo hatukuajiri mtu wa kompyuta. Tuliazima mwalimu wa sheria na mwalimu wa saikolojia, wiki nne kila mmoja. Yule wa sheria alileta kisa ambacho mimi nilikuwa nikikitaja kwa sentensi moja tu: mnyoo, yaani programu inayojinakili yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta, ambao Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell, aliuachia kwenye intaneti Novemba 1988. Nusu ya kipindi ilikuwa juu ya kosa la kupima. Morris aliuandika mnyoo uulize kama kompyuta tayari imeambukizwa; akihofia kwamba wasimamizi wangeudanganya kwa jibu la "ndiyo", akauamuru ujinakili hata hivyo mara moja katika kila saba. Moja kwa saba ilikuwa nyingi mno, na kompyuta zikazidiwa. Alitiwa hatiani chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1986: uangalizi wa miaka 3, saa 400 za kazi za jamii, faini ya dola 10,050. Baadaye akawa profesa MIT. Darasa liligawanyika, wengine wakisema aliadhibiwa kidogo, wengine wakisema nia haikuwa kuharibu. Kijana wetu wa /16 alikuwepo. Alinyoosha mkono mara moja tu, akauliza kama fomu ya idhini ingemsaidia Morris. Mwalimu wa sheria akamjibu: "Nani angeisaini?"

Kupata shahada kamili kulichukua miaka mitatu ya vikao ambavyo sitavisimulia. Swali lililorudi kila kikao lilikuwa lile lile: je, chuo kifundishe wezi? Jibu lililofanya kazi halikuwa hotuba bali tarehe mbili. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa sasisho la kuziba tundu. Tarehe 12 Mei 2017 WannaCry, programu haribifu ya kudai fidia, ikapita kwenye tundu hilo hilo na kufunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikiwemo. Nikauliza wajumbe: kwa karibu miezi miwili, waliokosekana ni wezi au walinzi? Kikao kikahamia kwenye ada.

Wanafunzi hawajawahi kuwa tatizo. Walimu ndio tatizo. Mwenzangu tuliyemsomesha kwa jasho aliondoka mwaka aliopata cheti kikubwa cha fani, na simlaumu, mshahara aliopewa nje ulikuwa mara tatu ya wangu. Aliondoka na mazoezi yote kichwani mwake. Tangu hapo hakuna zoezi linaloingia darasani kabla halijaandikwa kiasi kwamba mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kuliendesha peke yake, pamoja na mahali linapokwama na namna ya kulikwamua. Na kweli wa mwaka wa tatu ndio wanaoyaendesha, kwa posho ndogo. Mwanzoni ilikuwa kuziba pengo. Sasa nisingekubali kurudi nyuma, kwa sababu anayejifunza huogopa kuniuliza swali la kijinga lakini haogopi kumuuliza kaka au dada aliyemtangulia miaka miwili.

Mtihani nao tuliubadilisha. Mwanafunzi anapewa mashine pepe iliyokwisha kushambuliwa na saa nne. Anatoa kurasa mbili: moja kwa fundi, moja kwa mkuu wa taasisi asiyejua kompyuta. Alama zinalingana. Mtahini wa nje alilalamika mwaka wa kwanza kwamba ukurasa wa pili ni insha. Wengi huanguka hapo hapo kwenye insha.

Ofisi ya udahili ilitaka niongeze nafasi kila mwaka, hasa baada ya kuona maombi. Maabara ina viti 24. Niliwahi kukubali 40, na nusu ya wanafunzi wakawa watazamaji wanaonakili alichofanya jirani. Sasa nakataa, na barua zangu za kukataa zina faili lake.

Kampuni moja ilitupa vifaa vya mtandao kwa sharti la kufundisha bidhaa zake pekee. Tulirudisha. Iliniuma wiki nzima.

Kilichoko mezani sasa ni usalama wa wingu, yaani wa kompyuta za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti. Maabara iliyokatwa mtandao haifai kwa somo hilo. Mwanafunzi lazima atoke nje, afungue akaunti, ashike funguo za siri za akaunti, zinazoweza kugeuka bili zikiibwa. Wapo wanaoacha funguo ndani ya msimbo wanaouweka hadharani, na roboti za mtandaoni huzikuta upesi. Mkuu wa TEHAMA anataka akaunti moja ya chuo yenye kikomo cha matumizi, yeye akiwa mlinda mlango. Mimi nataka kila mwanafunzi awe na yake, aumie kidogo ajifunze. Tumekaa mara mbili, hatujaafikiana. Ananikumbusha printa. Tunakutana tena Jumatatu.