Nilivyoifanya TZ idumu kwenye seva ya Ubuntu

Seva nyingi tunazokodi tukiwa Nairobi huja zikiwa kwenye saa ya UTC (saa ya marejeo ya kimataifa), nyuma yetu kwa saa 3. Muamala wa M-Pesa wa saa saba usiku unaangukia tarehe ya jana, na ripoti ya siku haikubaliani na pesa. Ningeweza kubadilisha saa ya seva nzima kwa amri ya timedatectl, lakini seva inayotumiwa na timu nyingine sishauri iguswe hivyo. Nilitumia kigeu cha mazingira, yaani thamani yenye jina ambayo programu huisoma; hiki kinaitwa TZ na hutaja eneo la saa.

Ukiandika hivi kwenye terminali, amri ya date inaonyesha EAT (saa za Afrika Mashariki) papo hapo:

export TZ=Africa/Nairobi

Ukitoka, kigeu kimekwenda, kwa sababu kinaishi ndani ya sheli hiyo (programu inayopokea amri zako) na programu zinazoanzishwa nayo tu. Kidumu, lazima kiwe kwenye faili ambayo sheli husoma kila inapoanza. Hapo ndipo penye kazi. Bash, sheli ya kawaida ya Ubuntu, ukiiingia kwa mbali kwa ssh hutafuta ~/.bash_profile, kisha ~/.bash_login, kisha ~/.profile, husoma ya kwanza inayoipata na kuziacha nyingine. Ndiyo maana .bash_profile ikiundwa na programu fulani, .profile yako inapuuzwa bila onyo lolote. Kagua kwanza kwa ls -a.

Niliuweka mstari ule mwishoni mwa ~/.profile, nikaendesha source ~/.profile, kisha printenv TZ. Usiache nafasi kando ya alama ya =, bash itakataa. Kosa baya zaidi ni kukosea jina la eneo: hakuna ujumbe wa kosa, saa inarudi UTC kimyakimya. Kwenye Mac, ambako zsh ndiyo sheli ya kawaida tangu Catalina ya 2019, mstari huohuo huenda ~/.zprofile.

Cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, haisomi faili hizi hata moja. Andika TZ=Africa/Nairobi juu kabisa ndani ya crontab (faili ya ratiba yake), bila export, na amri zitaipata. Lakini ratiba yenyewe bado inafuata saa ya seva: kazi ya saa sita usiku ya Nairobi inaandikwa 0 21 * * *. Huduma za systemd (msimamizi wa programu za nyuma ya pazia) nazo zinataka Environment=TZ=Africa/Nairobi chini ya [Service] kwenye faili ya huduma, kisha systemctl daemon-reload na kuiwasha huduma upya.