Blogu Iliyokaa Ndani ya Kompyuta

Mwaka 2002 wengi waliokuwa na blogu waliandika ndani ya kivinjari, kwenye kisanduku kidogo cha tovuti ya watu wengine. Laini ikikatika katikati ya sentensi, sentensi imekwenda. Mimi nilitumia modemu ya simu, na simu yenyewe tulikuwa tukiigombania na dada yangu. Kwa hiyo niliposikia kuna programu inayokaa kwenye kompyuta yako, ukaandika bila mtandao na kupandisha baadaye, sikuhitaji kubembelezwa.

Iliitwa Radio UserLand. Ilitoka Januari mwaka huo, kazi ya kampuni ya UserLand ya Dave Winer, mmoja wa watu walioisukuma RSS, njia ya kufuata habari mpya za tovuti, hadi ikajulikana. Ulipewa siku 30 za kuijaribu kabla ya kulipa.

Nilingoja usiku, Dada amelala na simu iko huru, nikaipakua. Kuisimika hakukuwa na maneno mengi: jina, barua pepe, nywila, basi. Nilitegemea kuona dirisha lililojaa vitufe. Badala yake kilifunguka kivinjari changu kilekile, na juu yake anwani ngeni: http://127.0.0.1:5335/. Ukurasa ulikuwa na kisanduku cha kuandikia, kitufe cha kuchapisha, na chini yake nafasi ya orodha ya nitakayoyaandika.

Niliitazama ile anwani kwa muda. 127.0.0.1 ni namba ambayo kila kompyuta hujiita yenyewe, na 5335 ni mlango ambao programu ilikuwa imeufungua. Maana yake ni kwamba ndani ya mashine yangu, chini ya meza, kulikuwa na seva ya wavuti, yaani programu inayotoa kurasa kwa kivinjari, ndogo lakini kamili. Nilichomoa waya wa simu, nikaupakia ukurasa upya. Ukafunguka kama kawaida. Nikaandika aya mbili tatu, nikabonyeza kuchapisha, nikarudisha waya na kupiga simu ya modemu. Baada ya kitambo programu ikajua njia ipo, ikaanza kupandisha faili moja baada ya jingine hadi kwenye seva ya kampuni. Pale ndipo nilipoelewa mpango wenyewe: asili inabaki kwangu, ulimwengu unapewa nakala.

Ila nakala hiyo ilikuwa na sura ya kila mtu. Sura za ukurasa zilizokuja na programu zilikuwa chache, na ukitembelea blogu kumi za Radio siku zile ungeona ukurasa mmoja ukibadilisha wamiliki tu. Kalenda pembeni, kichwa cha habari juu, herufi za ukubwa uleule. Kalenda hasa sikuipenda. Nani anasoma blogu kwa kutafuta tarehe 14? Nikaamua kuingia jikoni.

Kila kitu kilikuwa kwenye folda moja iitwayo www. Ukiweka picha humo, programu inaipandisha yenyewe bila kuambiwa. Ukiweka faili la maandishi, inaligeuza kuwa ukurasa. Isipokuwa mafaili ambayo majina yake yanaanza na alama ya #: hayo hayachapishwi, ni ya maelekezo. Kulikuwa na #homeTemplate.txt kwa ukurasa wa mbele, #template.txt kwa kurasa nyingine, na #itemTemplate.txt kwa sura ya kila andiko. Nikalifungua la kwanza kwa Notepad.

HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, niliijua kwa kuiba, yaani kwa kufungua chanzo cha kurasa za watu na kukodolea macho. Humu nilikuta kitu cha ziada: makro, yaani amri fupi za programu, zimefungwa kati ya <% na %>. Moja ilichora kalenda. Nyingine ilileta viungo vya pembeni. Nyingine ilikuwa ni pengo tu, mahali ambapo maandishi yangu yangemwagwa. Nikaifuta ya kalenda, nikahifadhi faili, nikapakia upya. Kalenda haipo! Furaha niliyoipata kwa kufuta mstari mmoja siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hajawahi kufanya hivyo.

Kutoka hapo nikahamia kwenye rangi, na rangi ndizo zilizoula usiku. Rangi ya wavuti huandikwa kwa jozi tatu, nyekundu, kijani na buluu, kila jozi ikianzia 00 hadi FF, yaani 0 hadi 255 kwa hesabu ya kawaida. Nilianza na 336699, buluu ya kiofisi. Nikaongeza kijani, nikapunguza nyekundu, nikahifadhi, nikatazama, nikarudi. Kwa kuwa seva ilikuwa humuhumu ndani, kila badiliko lilionekana papo hapo bila kungoja modemu. Ndiyo maana bado naamini hakuna shule ya usanifu wa kurasa inayoshinda kompyuta inayojijibu yenyewe. Ile namba niliyoishia nayo ilikuwa kijani kilichokolea, 003300, juu ya mandharinyuma meupe. Kisha nikaondoa safu ya pembeni yote, nikaacha safu moja pana ya maandishi.

Asubuhi Dada alinikuta bado nimekaa.

"Wewe hukulala?"

"Njoo uone, Dada. Nina blogu."

Aliinama, akasoma kidogo, akaguna kwa namna yake ya kukubali bila kusema. Akachukua kalamu, akanakili anwani iliyokuwa juu ya kivinjari kwenye kipande cha karatasi, akaenda kazini. Mimi nikalala.

Simu ikaniamsha mchana. "Mdogo wangu, blogu yako imekufa. Inasema hakuna kitu."

"Umeandika anwani gani?"

Akanisomea: moja mbili saba, nukta, sifuri. Nilicheka hadi akatishia kukata simu. Ilinibidi nimweleze kwamba ile anwani ni ya kujitazama kwenye kioo. Akiiandika kule, kompyuta ya ofisi yake inajiuliza yenyewe kama ina blogu, na inajibu haina.

"Sasa hiyo yako iko wapi?"

"Iko hapa nyumbani. Na nyingine iko nje."

"Mbili?"

"Moja. Ya nje ni nakala."

"Basi nipe ya nakala, maneno yamekuwa mengi."

Nikamtajia ile ya umma, ya radio.weblogs.com, pamoja na tarakimu saba ambazo kila mwanachama alipewa kama namba yake. Alinyamaza, nikasikia vidole vyake kwenye kibodi. Nilingoja asifie kijani.

"Mbona maneno yanatoka nje ya kioo? Nasoma mstari nusu, halafu nasukuma pembeni nimalizie."

Kioo cha kompyuta yangu kilikuwa na upana wa pikseli 1024. Cha ofisini kwake kilikuwa cha 800. Jedwali lililobeba ukurasa, maana siku zile kurasa zilijengwa kwa majedwali, lilikuwa limepewa upana kwa pikseli, na upana huo ulitoshea kwangu tu. Nikamwambia asubiri hewani. Lakini nikiwa naongea naye, modemu haiwezi kupiga. Ikabidi tukate, nibadilishe ile namba iwe asilimia 90, niunganishe, nisubiri ipande kwenye kila ukurasa, nikate mtandao, nimpigie.

"Sasa?"

"Sasa inakaa." Kimya kirefu. "Na umeandika vizuri." Akakata.

Kitu ambacho sikukitarajia ni kwamba naye aliisimika kwenye kompyuta ya ofisini. Nilijua pale aliponiuliza kikombe kidogo cha kahawa kwenye ukurasa wangu kina kazi gani. Kilikuwa ni kiungo cha kujiandikisha: ukikibonyeza, kinakupeleka 127.0.0.1 mlango 5335, yaani kwenye Radio iliyo ndani ya mashine yako wewe msomaji, nayo inaanza kuzifuata habari za blogu ile, ikizichungulia kila baada ya saa moja. Kwa asiye na programu hakifanyi lolote. Kwake kilifanya kazi.

"Kwa hiyo leo ile anwani imenikubali," alisema.

Nikaenda kuiona ya kwake. Zambarau kila mahali, hadi viungo. Na kalenda ilikuwepo, kubwa. Nikampigia kumwambia, kwa upole niliouweza, kwamba macho yanauma.

"Ni 660066," alinijibu. "Si ulisema ni jozi tatu? Soma habari, rangi niachie mimi."